Maswali na Majibu ya Gereji: Gari Lililoinuliwa, Uchukue au Uache?

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zina jambo moja: magari ya porini ambayo mtu mwingine ameshayainua, sasa anayauza. Tunaanza na ile inayohitaji jibu refu, maana mengi yaliyomo humo yanawahusu na wengine waliouliza.

SWALI: Mafundi wetu, salaam. Nimeonyeshwa Land Cruiser 80 la mwaka 1996, injini 1HZ, gia za mkono. Muuzaji anasema limeinuliwa inchi 4, na amelivika matairi ya 315/75R16. Nina shamba Mufindi. Masika barabara yake ni tope zito lenye mifereji iliyochimbwa na malori ya magogo. Kila mwezi nashuka Dar na mzigo. Bei imezidi ya magari mengine ya aina hiyo, naye anadai nalipia vitu alivyofunga. Nichukue? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu yetu, kwa safari ulizotueleza, inchi 4 ni nyingi mno. Lingekuwa limeinuliwa inchi 2 tungekwambia nenda kalikague kwa nia ya kununua. Hili la inchi 4, nenda kalikague kwa nia ya kutafuta sababu za kulikataa, na usitoe hela mpaka sababu zikuishie.

Tuanze na tope, maana ndilo linalowafanya watu wayapende magari marefu. Land Cruiser 80 lina ekseli za kipande kimoja, mbele na nyuma. Ukifunga springi ndefu, kinachopanda ni chasisi na bodi. Ekseli inabaki pale pale, kwa sababu imekalia tairi. Lile bonge la difu, boksi la gia lililo kwenye ekseli, ndilo linalokwaruza tuta la katikati ya mifereji ya malori, na springi za inchi 4 haziliinui hata milimita moja. Kinachoinua difu ni tairi tu. Tairi la 275/70R16, ambalo magari mengi ya aina hii yalitoka nalo kiwandani, lina kipenyo cha milimita 791. La 315/75R16 lina milimita 879. Nusu ya tofauti hiyo, milimita 44, ndiyo nafasi mpya uliyopata chini ya difu. Springi zenyewe zimekupa nafasi ya tairi kubwa kuzunguka bila kugonga matao, na bampa isigonge ukingo wa mtaro. Ni faida, lakini siyo ile uliyodhani unailipia.

Na tairi hilo lina gharama yake. Limezidi la kiwandani kwa asilimia 11, kwa hiyo kila gia imekuwa ndefu kwa kiasi hicho. 1HZ ni injini ya kuaminika sana, lakini ni lita 4.2 bila tabo na haina nguvu ya kupoteza. Ukipanda mlima wa Kitonga na mzigo, gia uliyozoea kupandia haitavuta, itabidi ushuke moja zaidi. Spidomita ikisema 80, wewe uko karibu 89. Odometa nayo inahesabu pungufu: mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukiisubiri odometa ifike hapo utakuwa umetembea 111,000. Muulize muuzaji kama difu zimebadilishwa meno. Za kawaida kwenye gari hili ni 4.11, yaani propela huzunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja, na kwa tairi hizi unahitaji kama 4.56 ili mvuto urudi pale ulipokuwa. Zikiwa zimebadilishwa lazima ziwe zote mbili, mbele na nyuma, kwa uwiano mmoja. Ikibadilishwa moja, ekseli ya mbele na ya nyuma zitavutana, na siku ukiifunga fo-wili kwenye nchi kavu kitu kitavunjika. Akikujibu hajui, chukulia hazijaguswa.

Sasa lala chini ya gari. Nenda na tochi, tepu ya kupimia, jeki, kitambaa cheupe na mtu wa kukusaidia kuzungusha usukani.

Pima kwanza kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao lake, pembe zote nne, gari likiwa mahali tambarare. Usipime kutoka chini, tairi itakudanganya. Kisha tafuta Land Cruiser 80 ambalo halijaguswa ulipime vivyo hivyo. Tofauti ndiyo kimo halisi kilichoongezwa, na mara nyingi siyo kile muuzaji anachokitaja. Kama kushoto na kulia vinapishana zaidi ya sentimita moja na nusu, kuna springi iliyochoka au kitu kimepinda. Angalia pia kimo kimepatikanaje. Springi mpya zenye shokapu zinazolingana nazo ni kazi inayoeleweka. Spesa, yaani vipande vya kuongezea kimo, juu ya springi za zamani na shokapu fupi za kiwandani ni kazi ya kubahatisha: kwenye kila bonde shokapu inavutwa mpaka mwisho na kupiga kama nyundo, na ndani ya muda mfupi inavuja. Ukikuta vipande vya nailoni au mbao ngumu kati ya bodi na chasisi, hapo imeinuliwa bodi peke yake. Utaijua kwa bampa kuachana na bodi na feni ya rejeta kukaa chini ya kava lake.

Kisha usukani, na hapa ndipo magari mengi ya inchi 4 yanapofeli. Pini ya usukani, ile ambayo gurudumu la mbele hugeukia, inatakiwa ilale kidogo kwenda nyuma, kama uma wa mbele wa baiskeli unavyolala. Kule kulala, mafundi wanakuita kasta, ndiko kunakoifanya baiskeli iende mbele hata ukiachia mikono. Kiwandani gari hili lina karibu nyuzi 3. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma hadi kwenye chasisi, kwa hiyo chasisi ikipanda, mikono inainama na ekseli inajiviringisha. Kila inchi moja inakula karibu nyuzi moja. Kwa inchi 4 umebaki chini ya sifuri. Gari kama hilo linayumba kwenye lami, linafuata kila mkwaruzo wa barabara, na ukikata kona usukani haurudi wenyewe. Bushi za kasta zinarudisha kama nyuzi 2, kwa hiyo zinatosha inchi 2. Kwa inchi 4 unahitaji mabati ya kuhamisha mashimo ya ile mikono, au mikono mipya kabisa. Omba karatasi ya alaimenti, ya mashine inayopima mkao wa magurudumu, na utafute namba ya kasta: iwe kati ya nyuzi 2 na 4, kushoto na kulia zikikaribiana. Kama hakuna karatasi, peleka gari kwenye mashine kwa gharama zako. Ni hela ndogo ukilinganisha na bei unayotajiwa.

Fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiende pembeni, nayo urefu wake haubadiliki chasisi ikipanda. Matokeo yake inaivuta ekseli upande mmoja. Funga nati kwenye uzi, ining'inize kutoka ukingo wa tao, upime umbali hadi ubavu wa tairi kushoto na kulia. Vipimo vikipishana sentimita moja au zaidi, fimbo ya kurekebishika haikufungwa.

Breki sasa, na hizi tunaomba uzikague wewe mwenyewe hata kama umekwenda na fundi. Inua chasisi kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, halafu shika mipira ya breki: miwili ya mbele na ule wa katikati nyuma. Lazima ibaki imelegea. Mpira uliokaza kama kamba ya kuanikia nguo utachanika siku gari likiruka tuta. Baada ya hapo nenda nyuma. Magari mengi ya aina hii yana kijiti cha chuma, unene wa kalamu, kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge. Likipakiwa, chasisi inashuka, valvu inafungua. Gari lililoinuliwa inchi 4 bila kurekebisha kijiti hicho linaiambia valvu kwamba ni tupu daima, hata ukiwa umepakia magunia hadi darini. Breki za mbele zinafanya kazi ya mbele na nyuma. Hebu fikiria mteremko wa Kitonga, na mzigo wa Dar nyuma. Dawa ni bracketi ya kuinua mguu wa kijiti kwa kimo kile kile kilichoongezwa, kipande cha chuma ambacho fundi yeyote makini anakifunga kwa nusu saa. Kuikosa kunakueleza mengi juu ya mtu aliyeliinua gari.

Pangusa kwa kitambaa lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele. Kitambaa kikitoka na grisi nyembamba nyeusi, ni sawa. Kikitoka kimelowa mafuta mepesi yanayonuka oili ya difu, sili ya ndani imekwisha na oili inaosha grisi ya jointi. Hapo kuna kazi ya kufungua pande zote mbili: sili, gasketi, beringi nne za pini, grisi mpya. Matairi mazito ndiyo yanayoziua beringi hizo mapema. Kata usukani hadi mwisho, tembea polepole duara kushoto kisha kulia. Ukisikia tak-tak-tak, jointi imelika.

Propela itazame kwa michirizi ya grisi iliyorushwa duara juu yake, kwenye sakafu ya gari. Hiyo ni krosi, kiungo cha propela, inayokufa kwa kufanya kazi kwenye pembe kali. Barabarani utaisikia kama mtetemo kati ya kilomita 60 na 90, hasa ukiachia mafuta.

Kuhusu injini tutasema moja tu: ukikuta tabo imeongezwa kwenye 1HZ, uliza sana. Injini hii haikuundwa kwa tabo, na ikisukumwa bila mafuta kupimwa vizuri na bila geji ya joto la ekzosi, hedi na pistoni hupasuka.

Liendeshe angalau kilomita 20, zikiwemo za mlima na za lami iliyonyooka. Ukirudi, andika kila kinachokosekana: mabati ya kasta, fimbo ya Panhard, bracketi ya breki, mipira mirefu, meno ya difu. Pita dukani uulize bei ya kila kimoja pamoja na ufundi, utoe jumla kwenye bei ya gari kama hilo lisiloinuliwa. Ndiyo, lisiloinuliwa. Winchi, taa na bampa la chuma ni vitu vilivyotumika. Havirudishi bei yake ya dukani hata kama vinang'aa. Muuzaji akikubali kulirudisha inchi 2 na matairi ya 285/75R16, mvuto utapungua asilimia 5 tu, difu itapata milimita 21, na hapo tungekuwa na furaha kukuona ukilichukua.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Muscat, nimeipenda Patrol Y61 ya mtu, imeinuliwa inchi 3, imechezewa sana mchangani. Ikifika kilomita 80 ikipiga kijishimo, usukani unatikisika kwa nguvu mpaka upunguze mwendo. Mwenyewe anasema nibadilishe tu shokapu ya usukani. Kweli? – Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam. Si kweli, na tunakusihi usiichukue gari hiyo barabara kuu kabla haijatengenezwa. Shokapu ya usukani mpya itauficha mtikisiko wiki chache, kisha utarudi ukiwa mkali zaidi, maana kilicholegea kitakuwa kimeendelea kulegea.

Mtikisiko huo unahitaji mambo mawili: kitu cha kuuanzisha na ulegevu wa kuukuza. Wa kuuanzisha kwenye gari la mchangani mara nyingi ni tairi. Mkishusha upepo hadi psi 15 ili kupanda matuta, tairi linaweza kuteleza juu ya rimu, na vile vyuma vya balansi vinabaki mahali pasipo pake. Piga mstari wa chaki kutoka tairi hadi rimu, endesha mchangani, kisha uangalie kama mistari bado imekutana. Mchanga uliogandamana ndani ya rimu nao unatosha kuharibu balansi, kwa hiyo uoshe kabla ya kupima chochote.

Ulegevu utafute hivi. Injini ikiwaka, mwenzako azungushe usukani robo mzunguko, kushoto kulia, haraka haraka, nawe umelala mbele ukitazama ncha mbili za fimbo ya Panhard. Kati ya fimbo na bracketi pasionekane mchezo wowote. Kwenye Patrol zilizoinuliwa tundu la bolti hilo hupanuka likawa kama yai, na hapo bushi mpya haisaidii, lazima tundu lijazwe na kutobolewa upya au bracketi ibadilishwe. Kisha inua gurudumu moja, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka ni beringi ya gurudumu. Ukibaki ni beringi za pini ya usukani. Maliza na tairodi na bushi za ile mikono mirefu ya ekseli, na hatimaye kasta, kama tulivyomweleza ndugu wa Mafinga. Patrol nayo ina mikono ya namna hiyo hiyo.

Ikikutokea barabarani, usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta, shika usukani bila kushindana nao, mwendo ushuke wenyewe. Na kabla ya kulipa, hakikisha gari imepita ukaguzi wa polisi ikiwa na kimo hicho hicho, isiwe ilirudishwa chini kwa ajili ya siku ile tu.

SWALI: Niko Nanyuki. Makanika amenitafutia Prado ya 1999, 1KZ-TE, imeinuliwa mbele kwa spesa ya inchi 3. Inapendeza, lakini nasikia Prado za aina hii gurudumu la mbele huanguka. Ni uvumi? – Msomaji, Nanyuki

JIBU: Si uvumi. Prado ya mfululizo wa 90, iliyotengenezwa 1996 hadi 2002, mbele haina ekseli ya kipande kimoja. Kila gurudumu lina mikono yake, na boljointi ya chini, kiungo cha tufe kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono, imewekwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta iachane badala ya kuikandamiza. Ikilika haipigi kelele nyingi. Siku moja inachomoka, na gurudumu linakunjika chini ya tao. Hilo laweza kutokea hata kwa gari la kimo cha kawaida. Inchi 3 za spesa na tairi nzito zinaharakisha.

Kuikagua, weka jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, si chini ya chasisi, mpaka tairi iachane na ardhi. Hapo boljointi haina uzito. Ingiza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua na kushusha, na mwenzako aangalie boljointi. Ikicheza juu na chini hata kidogo, badilisha zote mbili, kushoto na kulia, kwa vipuri halisi na bolti nne mpya kila upande. Hapa usinunue vya bei rahisi. Mwenye gari akikuonyesha risiti ya kazi hiyo, mwongezee alama.

Kwa mbele ya gari hili inchi 2 ndio mwisho wa busara. Zaidi ya hapo shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni zinakaa kwenye pembe kali, mipira yake inapasuka kwenye mikunjo, grisi inatoka, vumbi linaingia. Shika ile mipira ufungue mikunjo kwa vidole, maana nyufa huanzia ndani ambako jicho halifiki. Spesa ya inchi 3 itolewe, utie springi za inchi 2.

Lakini kikubwa zaidi kwenye 1KZ-TE ni hedi. Ikichemka mara moja, hupasuka kati ya valvu, na tairi kubwa kwenye milima ya kwenu huongeza joto. Nenda asubuhi mapema injini ikiwa baridi kabisa, na ukiikuta imeshapashwa moto, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha rejeta, washa. Mapovu yasiyokoma ni dalili mbaya. Vilevile mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe dakika mbili baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto, kuna gesi ya mwako inayoingia kwenye maji. Fanya pia upekuzi wa gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na ulinganishe namba ya chasisi iliyo kwenye chuma chenyewe na ile ya logibuku.

SWALI: Kampuni moja ya utalii hapa Arusha inauza Land Cruiser zake za zamani, zile ndefu za kuwapeleka wageni Serengeti. Nina kambi ndogo, nataka moja ya kubebea chakula na wafanyakazi. Springi zimeongezwa majani, limekaa juu sana. Kuna hatari gani? – Msomaji, Arusha

JIBU: Dada yetu, hilo laweza kukufaa sana, lakini kimo si jambo la kwanza. La kwanza ni chasisi. Magari hayo mengi yalizaliwa pikapu ya mfululizo wa 70, yakakatwa na kurefushwa. Tafuta pale palipoungwa, kati ya milango ya mbele na gurudumu la nyuma. Safisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka uone chuma. Kiungo kizuri kina bati la kuimarisha linalopita mbali pande zote mbili, na ncha zake zimekatwa kwa mshazari. Kibaya kimekatwa wima na kuchomelewa kichwa kwa kichwa. Ufa huanzia mwisho wa mshono, na utauona kama uzi wa kutu mwekundu unaotoka kwenye rangi.

Kuna jaribio rahisi: pandisha gurudumu moja la mbele juu ya tuta lenye kimo cha ukingo wa barabara, kisha fungua na kufunga milango yote. Mlango uliokuwa laini ukianza kugoma, chasisi inajikunja kuliko inavyostahili. Angalia na mahali boksi la usukani lilipofungwa kwenye chasisi pamoja na vishikizo vya shokapu. Zile barabara za bati za hifadhini huvichosha hivyo kabla ya kingine.

Majani ya springi yaliyoongezwa yalipimwa kwa wageni saba na mizigo yao. Wewe ukitembea na kreti mbili za nyanya, gari litakurusha. Fundi anaweza kutoa jani moja au mawili, ila yubolti na senta bolti, zile zinazoyafunga majani pamoja na kwenye ekseli, ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita 500. Ukikuta vipande vya chuma viwili vimepangwa kimoja juu ya kingine kati ya ekseli na springi, waambie wavitoe kabla hujaliendesha, kwa sababu hupinduka ukifunga breki kwa nguvu.

Usidanganyike na kilomita chache. Gari la utalii hutumia siku nzima kwenye gia ya pili likitafuta simba, kwa hiyo saa za injini ni nyingi kuliko odometa inavyoonyesha. Omba daftari la matengenezo. Kampuni iliyolitunza gari huwa nalo. Tazama kadi ya gari pia: aina ya matumizi na idadi ya viti vilingane na unavyotaka kulitumia, na bima uwaeleze kwamba limerefushwa na kuinuliwa kabla ya kukata, wasije kukukatalia siku ya ajali.

SWALI: RAV4 ya zamani iliyoinuliwa kwa spesa inchi 2, itanifikisha kijijini masika? – Msomaji, Musoma

JIBU: Itakufikisha karibu kila mahali ambapo ingefika bila spesa. RAV4 haina gia za L4, zile nzito za mwendo wa polepole, na kwenye tope zito kinachoikwamisha ni kukosa mvuto wa polepole pamoja na tairi za lami. Kimo hakina uhusiano sana na hilo. Tumia hela yako kwa matairi manne yenye meno ya tope katika saizi ya kiwandani, kamba ya kuvutia na sepetu. Ukilinunua, zitoe hizo spesa kabla hazijaua jointi za mbele, na uende alaimenti siku hiyo hiyo, maana zikitoka magurudumu yatakuwa yameelekea ndani au nje na tairi mpya zitalika upande mmoja ndani ya wiki chache.